Shangazi, nilale hemani peke yangu au niende na mchumba wangu Hombolo?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 32, mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma kutoka Dar ofisi yetu ilipohamia Mtumba, na ninaishi Nzuguni. Sina mtoto, na ndugu zangu wote wako Dar. Miaka miwili iliyopita wenzangu wa ofisini walinishawishi twende Kolo, kule Kondoa, kuona michoro ya kale ya miambani, tukalala kwenye mahema. Shangazi, sijui nikueleze vipi. Asubuhi niliamshwa na kanga wanalia kichakani, baridi inaning'ata vidole, nikagundua kwamba usiku mzima sikuota ndoto ya kazini hata moja. Niliporudi nikanunua hema langu. Tangu hapo, kiangazi kikiingia, karibu kila mwezi nabeba begi langu Ijumaa nikitoka kazini na kwenda kulala mahali mwenyewe.

Mwezi wa saba nilienda Hombolo, kando ya bwawa. Bodaboda alinishusha kama saa moja usiku, nikapiga hema kwa mwanga wa tochi. Nilichagua mahali pasipo na nyumba ili mtu asinione. Saa sita hivi nikasikia pikipiki inakuja, ikazimwa. Walikuwa vijana wawili, nadhani. Mmoja akaligonga hema kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi, akasema, "Dada, uko mwenyewe humo?" Nikajibu kwamba mume wangu amelala. Akacheka. Walikaa pale wakivuta sigara, nauona moto wake kupitia kitambaa, kwa muda ambao siwezi kuukadiria, halafu wakaondoka. Nilikaa na kisu mkononi mpaka kukapambazuka.

Nina mchumba. Posa imepokelewa na sehemu ya mahari imeshatolewa. Nilipomsimulia alilia, kisha akakasirika. Anasema mwanamke anayejiheshimu halali porini peke yake, na kwamba siku nikiwa huko yeye hapati usingizi. Anataka hema niligawe. Badala yake amepanga siku tatu za mapenzi hukohuko Hombolo, kwenye nyumba ya rafiki yake iliyo katikati ya mashamba ya zabibu. Mvinyo, kuku wa kuchoma, sisi wawili tu. Anataka iwe siri yetu: simu tuzizime, nyumbani nisiseme, kazini niseme naumwa. Ataniendesha yeye.

Nampenda, Shangazi, na kusema kweli natamani sana kwenda. Lakini kila nikifikiria kuligawa hema, moyo unakataa. Je, ana haki? Na ipo njia ya mwanamke kulala hemani peke yake huku kwetu bila kujitafutia balaa?

Mwenye Hema, Nzuguni

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye kile kidole kinachogonga hema. Pole sana. Kabla sijasema lolote, lishike hili: aliyekosa usiku ule ni aliyekuja kugonga. Uliyelala hukumkosea mtu.

Sasa nikuulize. Usiku ule, nani alijua kwamba uko pale? Mwenyekiti wa kitongoji hakujua. Hakuna mama yeyote wa nyumba ya jirani aliyejua, kwa sababu jirani hukumtaka. Mchumba wako, kama nimekuelewa vizuri, alikuja kusimuliwa baadaye. Aliyejua ni mmoja tu: bodaboda aliyekushusha gizani, na kuona mwanamke mmoja, begi moja, kichaka kimoja. Sisemi kijana yule ni mwovu. Inawezekana alirudi kijiweni akasimulia kwa mshangao tu, "Leo nimemshusha dada mmoja kule bwawani, anasema analala hapo." Kijiweni maneno hayafungwi kamba. Ulijificha kwa watu ambao wangekulinda, ukabaki unajulikana kwa watu usiowajua.

Mimi nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini Kondoa, enzi zile safari ya kutoka Dodoma mjini, kilomita kama 160, ilikuwa ni kula vumbi kutwa. Siku hizi ni lami hadi Babati, mnapita hata hamkumbuki. Nililala kwenye madarasa, kwenye maghala, na mara nyingi kwenye hema la ofisi. Usiku mmoja, hema nimeshalipiga pembeni ya kiwanja cha shule, alikuja bibi mmoja ameshika kijinga cha moto. Akachuchumaa mlangoni, akakisogeza kile kijinga karibu na uso wangu mpaka nikausikia moto kwenye mashavu, akanitazama vizuri. Nikamuuliza, "Bibi, kuna tatizo?" Akasema, "Hakuna. Nimekuja kukuona sura, ili usiku ukipiga yowe nijue ni nani analia." Kisha akaenda zake kulala. Nyumba yake haikufika hatua mia moja kutoka pale. Sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule.

Ndiyo maana nakujibu: njia ipo, tena ni ya siku zote. Mgeni akifika kijijini hujitambulisha. Fika mapema, saa tisa alasiri usizidi, maana jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na giza huku halibishi hodi. Hiyo Ijumaa ya kutoka kazini iache kabisa. Ondoka Jumamosi asubuhi. Ukifika, nenda kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, kwa mtendaji au kwa mwenyekiti. Sema jina lako, unatoka wapi, unalala usiku mmoja, unaomba wakuonyeshe mahali. Kama ni Ugogoni, anza na "mbukwenyi" hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Utaona sura zinavyofunguka. Chukua namba ya simu ya mwenyekiti, na uipige palepale mbele yake ili na yeye abaki na yako. Halafu omba upelekwe kwa mama wa nyumba iliyo karibu. Huyo mama ni muhimu kuliko mwenyekiti, maana mwenyekiti anaweza kuwa ameenda msibani, na mama yuko pale na watoto wake na mbwa wake.

Kipimo changu cha mahali pa kupiga hema ni hiki. Simama hapo na umwite yule mama kwa sauti ya kawaida ya kuitana shambani. Akiitika, piga hema. Asipoitika, sogea. Nimesikia wanawake wengine wakifundishana kuweka viatu vikubwa vya kiume mlangoni ili mpita njia adhani kuna mwanaume ndani. Kama vinakupa moyo, viweke, lakini mwanangu, viatu haviwezi kuitika. Wewe mwenyewe ulisema mumeo amelala, na yule akacheka. Nunua filimbi ya mwamuzi, uivae shingoni unapolala, na umwambie mama maana yake.

Na yule bodaboda? Tumia unayemjua, wa mtaani kwako, au akushushe ofisini kwa mtendaji na safari yake iishie hapo. Mwisho wa safari yako haumhusu. Picha za hema usizirushe kwenye simu ukiwa bado upo. Zirushe Jumapili jioni ukiwa umeshaoga nyumbani Nzuguni.

Sasa pori lenyewe, maana si hatari zote zina miguu miwili. La kwanza ni korongo. Makorongo yetu ya mchanga yanavutia: pamelala tambarare, hapana mwiba, pana kivuli. Usilale humo hata siku moja ya masika. Kati ya Desemba na Aprili mvua inaweza kunyesha mbali, juu kwenye vilima, wewe unaziona nyota, halafu maji yakaja usiku kama treni. Kiangazi napo, pisha njia ya ng'ombe. Utaijua kwa vumbi lake laini na samadi. Kundi likishuka alfajiri kwenda majini halitazami kamba za hema. Chini ya mbuyu mkubwa tazama juu kabla ya kuweka begi, kwa sababu mashimo yake ndiyo mizinga ya nyuki, na moshi wa kuni zako utawaamsha. Fagia ardhi kwa tawi kabla ya kutandika. Miiba ya migunga inatoboa godoro la upepo na hata soli ya kandambili. Zipu ya hema ifungwe muda wote, hata unapotoka kwa dakika mbili, na viatu uvikung'ute asubuhi kwa ajili ya nge. Usiku usitoke bila tochi, maana bafe hakimbii mtu, analala hapohapo njiani akisubiri kukanyagwa. Chakula na mabaki visilale ndani, fisi ana pua kuliko mbwa wa yule mama. Na maji ya bwawa yatazame tu. Kuoga kwenye maji yaliyotulia ni kukaribisha kichocho, na ukienda mpaka Mtera kuna mamba na viboko, kwa hiyo hema likae mbali kabisa na ukingo.

Kuna moja nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Mwezi wa sita na wa saba Dodoma ni baridi, na mtu anashawishika kuingiza jiko la mkaa hemani. Usithubutu. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukustua. Unasinzia na huamki. Vaa soksi mbili, vaa sweta, jaza maji ya moto kwenye chupa imara uikumbatie.

Kama unataka pa kuanzia upya baada ya ule usiku, rudi Kolo. Palikupa usingizi mara ya kwanza. Pana ofisi ya kituo, pana waongozaji, na wenyeji wamezoea wageni, kwa kuwa michoro ile imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Kata tiketi, jiandikishe, waulize wao ulale wapi. Panda na mwongozaji hadi Mungomi wa Kolo, uwatazame wale watu wembamba wa rangi nyekundu na wanyama wao, na usiguse mwamba wala usimwagie maji ili picha yako itoke vizuri. Watu wamefanya hivyo na rangi imefifia. Wenyeji bado wanafanya matambiko mahali pale, kwa hiyo ingia kwa adabu kama unavyoingia nyumbani kwa mtu.

Nije kwa mchumba wako.

Machozi yake nayaheshimu. Mwanaume anayelia kwa kuwa ulitishwa ana upendo ndani yake, na anaposema hapati usingizi mimi namwamini. Lakini hofu yake haimpi haki juu ya hema lako, na hilo la "mwanamke anayejiheshimu" siliafiki kabisa. Bibi wa kijinga cha moto alijiheshimu, mama zetu waliolala shambani kulinda mtama dhidi ya nguruwe pori walijiheshimu. Mpe hofu yake kazi ya kufanya. Mwambie: "Jumamosi nikifika nitakutumia namba ya mwenyekiti na mahali nilipo. Saa mbili usiku nitakupigia. Jumapili saa nne asubuhi nitakupigia tena. Ikifika saa tano hujanisikia, mpigie mwenyekiti, halafu piga 112." Na mpe dada au rafiki yako maelekezo hayohayo, wawe wawili. Akikubali kufanya hivyo kwa moyo, usingizi wake utarudi. Akikataa, akasema anataka hema litoke tu, hapo utakuwa umejifunza jambo juu yake kabla ya harusi, nalo lina thamani.

Sasa soma tena maneno yako mwenyewe kuhusu zile siku tatu. Nyumba ya mtu usiyemjua. Katikati ya mashamba. Simu zimezimwa. Nyumbani hawajui. Kazini umesema unaumwa. Gari ni lake na funguo ni zake. Mwanangu, uliniuliza kama hema ni hatari, na nimekujibu kwa kurasa. Lakini katika barua yako mahali paliponifanya nivue miwani ni hapa. Huyu ni mtu unayempenda, na pengine nia yake ni kukufurahisha tu. Siri ni tamu kwa wapendanao, hata mimi nilikuwa msichana. Ila kanuni niliyokupa kwa ajili ya bwawani haibadiliki kwa sababu unaenda na mchumba. Lazima awepo mtu anayejua uko wapi na unarudi lini.

Kwa hiyo nenda, tena nenda ukafurahi, ila upange na wewe. Kazini omba likizo ya kweli. Uongo wa ugonjwa utakufunga mdomo hata ukipata shida ya kweli. Dada yako umwambie jina la mahali, jina la mwenye nyumba na siku ya kurudi. Hahitaji kujua zaidi. Simu yako unaweza kuinyamazisha mezani mkiwa mnakula, lakini isizimwe. Nauli ya kurudi iwe kwenye simu yako, na kitambulisho chako kikae kwenye pochi yako. Na kama hujaamua ni nini mnafanya usiku, amua kabla ya kupanda gari na umwambie mchana, mkiwa mmekaa. Mahari waliyopokea wazee ni heshima kwa familia, haikununua ndiyo yako. Siku yoyote, na mtu yeyote, ukilazimishwa, kila kituo kikubwa cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto.

Ushauri wangu mwingine, na huu ni wa mtu anayeipenda Dodoma: laleni mjini, kwenye hoteli yenye mapokezi na kitabu cha wageni, uandike jina lako kwa mkono wako. Hombolo ni kilomita kama 40 tu, mtaenda asubuhi na kurudi jioni. Mashamba ya zabibu uzuri wake ni wa mchana. Wamisionari Wakatoliki walioipanda mizabibu Bihawana walihitaji divai ya altare. Leo utaikuta Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Mvumi, Chinangali, mingi ikiwa ni ekari chache za wanakijiji. Kwa ukame na jua letu mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka: msimu mmoja wa Februari na Machi, na mwingine wa Agosti na Septemba. Nendeni wakati huo. Mwombeni mkulima awatembeze, akuonyeshe anavyopogoa, akuonyeshe kichala cha Makutupora nyekundu kilivyoshikana kama ngumi. Muulize bei ya mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, mwaka huu, halafu nyamaza umsikilize. Utaondoka unajua Dodoma kuliko miaka yako yote ya Mtumba. Zabibu usile mtini. Hupuliziwa dawa kwa ajili ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, kwa hiyo muulize alipulizia lini, na uzioshe.

Mvinyo wenyewe kunyweni kidogo na chakula. Bia zetu nyingi zina kilevi kama asilimia 5, mvinyo unafika 12 au 13, na utamu wa ule wa zabibu za huku unaficha nguvu yake. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako. Atakayeendesha gari asionje hata tone mpaka mrudi hotelini, na kama ni yeye, basi chupa mnunue shambani mkaifungulie mjini. Ile barabara jioni ina ng'ombe, ina pikipiki zisizo na taa, ina watoto wanatoka kuchota maji.

Hema usiligawe. Lianike juani siku moja, uoshe ile sehemu aliyoigusa kama itakusaidia, mimi ningeiosha. Halafu siku mkiwa na amani, mpeleke mchumba wako Kolo, alale humo usiku mmoja na wewe, asikie hao kanga. Na ukifika kwa mama wa nyumba ya jirani, usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari na majani ya chai zinatosha, na umwambie jina lako polepole, alishike.

Wako, Shangazi